Zamu ya Nyumba ya Juu

Ni mwaka wa pili sasa tangu niache kusoma matangazo kanisani, na bado kuna watu wananisimamisha njiani kuniuliza kama koo limepona. Nilimwambia mchungaji kwamba naumwa koo. Koo langu halijauma hata siku moja. Nilidanganya, tena nilimdanganya ofisini kwake, amekaa mbele yangu na Biblia mezani, akanipa pole na kunishauri ninywe tangawizi.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yangu yote ya kazi. Nilipostaafu, sauti ya darasani nikaihamishia kanisani. Kila Jumapili baada ya mahubiri nilisimama mbele na daftari, nikasema Bwana Yesu asifiwe, nikaitikiwa, kisha nikaanza. Wanakwaya, mazoezi Jumanne na Alhamisi saa kumi. Akina mama, usafi wa kanisa Jumamosi, kila mmoja aje na fagio lake na si la jirani. Watoto wa kipaimara wasichelewe darasani. Siku ya mavuno inakaribia, tuanze kujiandaa. Ndoa ya fulani na fulani inatangazwa kwa mara ya pili, mwenye pingamizi amwone mchungaji. Watu walicheka pale nilipotaka wacheke. Niseme ukweli, nilipenda sana kusikilizwa.

Tangazo lililosubiriwa kuliko yote lilikuwa la jumuiya. Usharika wetu umegawanywa katika jumuiya ndogondogo, nyumba kumi na kitu zilizo karibu, na kila Jumatano jioni wanajumuiya husali katika nyumba mojawapo, leo kwako, wiki ijayo kwangu. Mimi ndiye nilikuwa katibu wa jumuiya yetu hapa chini ya mlima, upande wa Kilakala. Ratiba niliiandika mimi na kanisani niliisoma mimi. Mtu nyumba yake ikitajwa mbele ya usharika mzima, Jumatatu anapaka chokaa ukutani, Jumanne anaazima vikombe, Jumatano anakaa mlangoni na kitenge kipya akijifanya hana habari.

Katika orodha yangu jina la mwisho lilikuwa la bibi mmoja aliyeishi peke yake juu, mahali ambapo nyumba za mtaa zinakwisha na migomba inaanza. Alikuwa Mluguru wa milimani, upande wa Mkuyuni, na ndugu zake wote ni Wakatoliki wa huko. Yeye aliingia kwa Walutheri kwa ajili ya mume, mume akafa, ndugu wakawa mbali, naye akabaki na sisi. Majirani zake wa karibu walikuwa Waislamu, watu wema, wauza mboga, lakini jioni ya Jumatano hawakuwa na wimbo wa kuimba naye. Alikuwa na mtoto mmoja tu, mwanamume mtu mzima, aliyekwenda Chunya kuchimba dhahabu kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Huyo alikuwa akimpigia mama yake kwa simu ya jirani, maana bibi mwenyewe simu hakuwa nayo na hakuitaka.

Nilimweka mwisho kwa sababu ya mlima. Njia ya kwake ni udongo mwekundu mtupu, na mvua ikinyesha inateleza kama imepakwa sabuni. Mwenyekiti wetu ana kisukari na miguu inamsumbua. Mama mmoja wa kwaya alisema waziwazi kwamba magoti yake hayakuumbwa kwa safari hiyo. Kwa hiyo nilisema tuanze na nyumba za chini, mvua zikipungua tutapanda. Zamu ilipokaribia kumfikia, ikaja semina ya uinjilisti, Jumatano mbili zikaliwa. Ikaja wiki ya mavuno. Halafu mwaka ukageuka, nikaandika ratiba mpya, na ratiba mpya huanzia juu ya orodha. Hivyo ndivyo nilivyomruka mara tatu bila kumruka hata mara moja. Ukinishtaki kwa daftari langu, nashinda kesi.

Bibi hakulalamika. Alikuwa ananisubiri nje baada ya ibada, ninampa shikamoo, ananiitikia marahaba kwa lafudhi yake ya milimani, kisha anauliza lile lile: "Mwalimu, zamu yangu bado?" Mimi ninamjibu bado bibi, njia ikauke kwanza. Anaitikia kwa kichwa, anashuka zake. Jumapili moja aliniambia ameshatengeneza ngazi. Sikumwelewa. Akaeleza kwamba amechimba ngazi kwenye mteremko kwa jembe lake, na kila ngazi ameizuia kwa kigogo na mawe, ili mwenyekiti asianguke. Nilimsifu, nikasema Mungu atamlipa, na nikaenda kuwahi chakula nyumbani. Nasikia aibu kuandika hayo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Baadaye hakuonekana. Kiti chake kilikuwa benchi la tatu, karibu na dirisha, na Jumapili kama nne hivi nililiona benchi lile limepungukiwa mtu. Nilijiambia ni baridi, ukungu umeshuka sana mlimani mwezi huu, atakuja. Wakati huo huo tukaletewa mwinjilisti mpya, kijana asiyejua kuogopa watu wazima. Akaomba aone ratiba, akaweka kidole kwenye jina la mwisho, akaniuliza huyu amesaliwa lini nyumbani kwake. Nikafunga daftari. Jumapili iliyofuata nikasimama na daftari, nikakohoa kidogo, nikatangaza kwa sauti yangu nzuri kuliko zote kwamba Jumatano saa kumi jioni jumuiya itasali nyumbani kwa bibi, nikalitaja jina lake lote, la ubatizo na la baba yake. Usharika ukapiga makofi. Nilirudi kukaa nikiwa nimefurahi kweli.

Sasa fikiria ujinga wangu. Nilimtangaza mbele ya mamia ya watu, na mtu pekee ambaye hakusikia ni yeye. Hakuwa kanisani. Nilidhani yupo wa kumwambia, maana nyumba yako ikitajwa kanisani, kabla hujafika nyumbani watoto wa mtaa wameshakupigia kelele. Lakini juu kule majirani zake hawaendi kanisani, matangazo yetu hawayajui. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake amepeleka habari. Mimi niliyekuwa katibu ndiye niliyepaswa kupanda, na sikupanda.

Jumatano tukakusanyika chini, watu kama kumi na watano. Tulijua nyumba yake haina viti, kwa hiyo wanaume walibeba viti vya plastiki. Akina mama walibeba mkeka na sufuria kubwa ya chai, maana hatukutaka kumtwisha mzigo. Tukaanza kuzipanda ngazi. Zilikuwa nyingi na zilikuwa nzuri, kila moja imesawazishwa, na pale penye kona kali alikuwa ameweka mti wa kushikia. Pumzi zikatuishia mapema. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyezungumza. Tulipanda kimya, kwa mstari, vitambaa kichwani, viti mabegani, sufuria katikati.

Bibi alikuwa shambani kwake, kwenye magimbi, anapalilia kwa shida kwa sababu goti lilikuwa limevimba. Ndilo lililomzuia kuja kanisani. Aliinua kichwa akatuona. Jembe likamtoka mkononi.

Watu wa huku hawahitaji kuelezwa alichokiona. Watu wengi wanaopanda kwa mtu bila kuimba, wamebeba viti na sufuria, wanakuja na jambo moja tu. Alikaa chini pale pale kwenye udongo, akauliza kwa sauti ndogo, "Kafukiwa?"

Hatukuelewa mara moja. Akauliza tena kama shimo limemfukia mwanawe. Mwenyekiti, bado anahema, akasema hapana mama, hapana, tumekuja kusali. Tulianza kusema wote kwa pamoja, zamu, jumuiya, tangazo, Jumapili, na kadiri tulivyosema ndivyo alivyozidi kututazama mmoja mmoja usoni akitafuta ni nani aliyebeba habari yenyewe. Mikono yake ilikuwa imejaa udongo. Nikapiga magoti mbele yake nikamwambia leo ni zamu yako, bibi, nimeitangaza mwenyewe.

"Nyie hamjawahi kuja kwangu," alisema. "Mje leo kwa nini?"

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliuliza kama mtu anayetaka kuelewa. Jirani yake Mwislamu, aliyekuwa amesikia vishindo akaja, ndiye aliyemtuliza. Alimwapia kwamba hakuna simu yoyote iliyoingia, na kwamba yeye angekuwa wa kwanza kujua. Bibi alimwamini huyo. Hapo ndipo alipolia, akajifuta kwa khanga, akaomba radhi kwamba nyumba haijafagiliwa.

Tulisali. Tuliimba nyimbo mbili, na akina mama walijitahidi kuziimba kwa furaha. Mwinjilisti alisoma neno na kulifupisha. Bibi alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, na kila jani la mgomba likitikisika alitazama njiani. Kitu alichokingoja miaka yote ile kilipita mbele yake, na yeye alikuwa anasubiri tu kiishe. Mwishoni alituchemshia magimbi kwa lazima. Wakati wa kuagana alinishika mkono, akaniambia polepole ili wengine wasisikie.

"Siku nyingine mkija, mje mmoja mmoja. Nikimwona mmoja, moyo wangu utajua ni heri."

Nikamwahidi. Nilisema nitakuja mwenyewe, tena karibuni, na nikasema hivyo nikiwa nimedhamiria kabisa. Jumapili ikaja na matangazo yake. Kwaya ya vijana inakwenda Kihonda kwa mwaliko. Akina baba wana mkutano. Kipaimara kimekaribia, wazazi waandae mashela meupe. Ratiba ya jumuiya ikaanzia juu. Goti lake lilipata nafuu, akashuka kanisani mara mbili tatu, tukasalimiana, hakuniuliza tena kuhusu zamu. Nikachukulia kwamba ameridhika.

Miezi mitatu haikupita, yule jirani yake muuza mboga akaja kwangu asubuhi, hata sijafagia uwanja. Alisimama nje ya mlango na kofia mkononi. Simu ilikuwa imeingia alfajiri kutoka Chunya, kwa wachimbaji wenzake na mtoto wa bibi. Shimo liliporomoka. Walikuwa wamemtoa jana jioni, hana uhai. Akasema, "Mwalimu, siwezi kumwambia mimi. Nyie ndio watu wake." Neno hilo, watu wake, lilinikaa vibaya kifuani.

Nikawapigia mwenyekiti, mwinjilisti na akina mama wawili wenye nguvu, maana mtu wa umri ule humpelekei habari kama hiyo peke yako. Kuna wa kusema, kuna wa kumshika, kuna wa kuweka maji. Ndivyo tulivyolelewa. Tukafika chini ya ngazi zake. Mvua ya usiku ilikuwa imeondoa udongo kwenye ngazi mbili za kwanza, vigogo vimebaki vitupu. Hapo nikasimama. Nikawaambia bibi aliomba asije kuona kundi tena. Akiwaona mnapanda hivi, roho itamtoka kabla hatujafungua mdomo. Nisubirini hapa kwenye migomba, nitangulie, nikiita mje. Mwenyekiti alinitazama, akasema ni busara. Hata mimi nilidhani ni busara.

Nikapanda. Alikuwa amekaa mbele ya nyumba na ungo wa maharage, anachambua. Jua lilikuwa limempata usoni. Alisikia hatua, akainua kichwa haraka, nikaona macho yake yanapita begani kwangu, yanaishuka njia yote, ngazi kwa ngazi, yanatafuta. Hakuona mtu. Mabega yake yakashuka, na uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona hata kanisani.

"Umekuja mmoja," alisema. "Umekumbuka."

Nilimpa shikamoo. Yeye aliitikia marahaba mwanangu, marahaba, akaweka ungo chini, akainuka kwa kujishikiza ukutani. Alikuwa anacheka. Alisema chai ipo motoni, na kwamba leo sitakaa kwenye kiti cha kubebwa, nitakaa kwenye kigoda chake. Akaingia ndani kukitafuta. Nilimsikia anasogeza vyombo, anaongea peke yake kwa Kiluguru, na mimi nikabaki nimesimama uwanjani na ile sauti yangu yote.