Siku Nilipokosa Ubishi

Nilikuwa mtoto mbishi, sina haja ya kuficha. Cucu, nyanya yangu aliyenilea kwake Gatitu, alisema hata nikiambiwa kumekucha lazima nitoke nje kuhakikisha.

Miaka michache baada ya uhuru, nikiwa na miaka minane, nilivimba kwa ugonjwa wa figo. Asubuhi macho hayafunguki, miguu haiingii viatuni. Daktari wa mjini Nyeri akanipa vidonge vyeupe, vichungu ajabu, nimeze kila siku kwa miezi. Uvimbe ukaisha, nami nikaanza kula! Nilimaliza sahani yangu ya irio nikahamia ya Cucu. Mashavu yakajaa, na majirani wakitoka kanisani walipitia kwetu makusudi kuyafinya. Kwetu unene ndio afya. Cucu alitembea kifua mbele.

Basi akaona nimepona, akaacha kunipa dawa, akafanya kama alivyofanya na mbegu za maharagwe: vidonge vilivyobaki akavitia mkebeni, akauweka juu ya kabati, viwe akiba ugonjwa ukirudi. Mimi nilifurahi kupita kiasi.

Siku chache baadaye nikalegea. Nilitapika, magoti yakagoma. Cucu akaniletea uji uliochacha, ule niliouchukia kuliko hata vidonge.

"Kunywa."

Nikanywa.

"Lala."

Nikalala.

"Hii mtoto leo haibishani!" akapiga kelele.

Hapo hapo akanifunga mgongoni kwa shuka, mimi na mashavu yangu yote, akashika njia ya hospitali. Mkebe aliubeba pia.

Daktari alipoufungua alikunja uso. Alinidunga sindano kwanza, kisha akamgeukia.

"Mama, mwili yake ilikuwa inategemea hii dawa. Imesahau kutengeneza yake. Ukikata mara moja, mtoto anaweza kufa."

Cucu alilia mbele ya watu wote. "Ati ni mimi nilikuwa namuua?"

"Ni wewe umemleta. Sasa tutapunguza pole pole, mwili ijifunze tena."

Akafuta macho kwa ncha ya leso. "Kama kuachisha ndama maziwa."

"Kama ndama kabisa."

Hilo alilielewa kuliko sisi sote. Miezi iliyofuata alikata vidonge kwa wembe, kizima kikawa nusu, nusu ikawa robo, na nikipata homa kidogo tu tulikuwa tayari njiani kwa daktari. Nilibishana naye kila asubuhi. Hakunikemea hata mara moja.

Siku ya kwanza bila hata robo, alinitoa nje, akaniambia nikimbie hadi kwenye mibuni na kurudi. Nikakimbia.

"Tena."

Nikakimbia.

"Tena."

"Cucu, mimi nimechoka! Kimbia wewe!"

Aliketi kwenye nyasi zenye umande, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamgeukia ng'ombe wake, aliyekuwa akitutazama.

"Umesikia?" akamwambia. "Amepona."