Karafuu Mbichi

Mwaka ule tulikula makopa asubuhi, makopa jioni. Wajukuu zangu wanataka tarehe. Mie sina, kusoma kwangu kuliishia chuo cha Kurani. Niulizeni ule muhogo mkavu wenye ukungu, tulioutwanga tukausonga ugali mweusi, hapo nitawajibu. Mwingereza alikuwa bado yupo, na bei ya karafuu ishaporomoka.

Msimu wa nyuma tuliuza mbichi, papo hapo mtini, kwa njaa. Tukala wali siku ya Idi. Baada ya hapo, makopa.

Mnunuzi alikuwa shemeji yangu, ndugu yake mume wangu, aliyehamia Unguja mjini. Huku kisiwani kwetu, mjini Wete, alikuwa na ghala la bati na sakafu ya saruji, ya kuanikia hata mvua ikinyesha. Mbichi zetu alizianika yeye, akaziuza kavu, pesa akaenda kuzijengea nyumba Unguja. Sie wa kijijini Ole akatuachia majani.

Msimu ulipofika akaja tena na mizani yake. Mie nishatandaza majamvi uani, nimeanika karafuu za mikarafuu aliyoniachia mamangu, na wingu limetukalia juu kama kifuniko cha chungu.

"Shemeji, niuzie kabla mvua haijazipika!" akasema, anacheka.

"Mbichi siuzi."

"Basi hamieni Unguja. Kule kuna taa za umeme, kuna kazi. Hapa mna nini?"

"Na hizo taa mwaziwasha kwa nini, kama si kwa karafuu yetu? We mwenyewe hata hiyo suruali yanuka karafuu!"

Mume wangu akacheka, kisha akatazama lile wingu.

Mvua ikashuka. Tukazizoa mbio, tukazirundika ndani hadi uvunguni mwa kitanda. Karafuu mbichi ukizirundika hupata moto, na zikishapata moto huwa mpeta: nyeupe, nyepesi, hazina mafuta, hakuna azitakaye. Nikawa nazigeuza kwa mikono, roho i juu juu.

Shemeji alikaa barazani anangoja. Mwenye saruji ana haraka gani? Mvua ikizidi, naye bei anashusha.

"Mama watoto," mume wangu akaninong'oneza, "hawa watakula nini?"

Nikatia mkono ndani ya rundo. Lishaanza joto, kama paji la mtoto mwenye homa. Nikatoka barazani, mkono wanukia.

"Haya, shemeji?" Mizani keshaitundika.

"Mbichi siuzi."