Nafula wa Kitabuni na Nafula wa Nyumbani

Mwanangu, ninaikumbuka Jumatano ya pili ya mwezi wa Juni, mwaka 2006, siku niliyotoka Kimilili kwenda Kitale kumhoji daktari juu ya kitabu chake. Nilikuwa bado kijana, ingawa nilikwisha kuwa mjane, na kusoma nilikuwa nimejifunza juzijuzi katika darasa la watu wazima. Sioni haya kulisema. Elimu haina mwisho, nami nilianzia pale wengine walipokuwa wamechoka.

Daktari huyo alikuwa binti wa kwetu. Mchana aliwatibu akina mama katika kliniki yake mjini Kitale. Alfajiri, kabla wagonjwa hawajafika, aliandika riwaya. Nilikuwa nimeona daktari, na nilikuwa nimeona kitabu, lakini sikuwahi kuwaza kwamba mkono mmoja ungeweza kuvishika vyote viwili.

Mwalimu wetu aliniazima riwaya mojawapo, nikawa ninawasomea wanawake wenzangu kila Jumapili baada ya ibada. Humo mlikuwa na mjamzito aitwaye Nafula, ambaye miguu yake ilivimba, akaificha, akafa. Nawe unajua kwetu majina hufuata majira: msichana akizaliwa wakati wa mvua huitwa Nafula, na mvua ya Bungoma haina uchoyo. Katika kikundi chetu kidogo walikuwamo Nafula watatu.

"Huyo ni mimi," alisema Nafula muuza mandazi. "Si nilienda kwake mwaka jana? Ati hata pengo la jino ameliweka."

"Ungekuwa ni wewe, hungekufa kimya hivyo," mwenzake akamjibu. "Kimilili yote ingesikia."

Tulicheka sana. Nafula wa tatu hakucheka. Huyo alikuwa wifi yangu, dada mdogo wa marehemu mume wangu, niliyekuwa nikiishi naye, na mimba yake ilikuwa ya miezi minane. Alikuwa amefika kwa daktari yule mara moja tu, mimba ilipokuwa changa.

"Mimi sirudi huko, wifi," aliniambia tulipofika nyumbani. "Umwambie mtu shida zako, kesho zisomwe kanisani? Na ameshaniua tayari."

Nilimbembeleza, akakataa. Usingizi ukanipaa kwa udadisi. Je, daktari huuza siri za wagonjwa? Na kama hauzi, huwatoa wapi watu wake? Ndipo nikafunga safari ya Kitale.

"Daktari," nilimwambia baada ya salamu, "Nafula wa kitabu chako ni nani?"

Akatabasamu. "Si mtu, mama. Hadithi ilihitaji mvua, nikampa jina la mvua."

Sikuridhika. Nilimwambia kwamba Nafula huyo ninamjua, ninakaa naye nyumba moja.

"Unajuaje kuwa ni yeye?"

Hapo nikajiona wakili. Nikaupanga ushahidi wangu: kwamba miguu yake imevimba hata viatu vimemkataa, naye huifunika kwa leso, kwamba kichwa kinamgonga tangu Jumapili, kwamba asubuhi ile alilalamika kuona vimulimuli mchana kweupe.

Daktari hakutabasamu tena. "Vimulimuli sikuviandika," alisema, akiwa tayari amesimama. "Wifi yako yuko wapi sasa hivi?"

Tulikwenda Kimilili kwa gari lake. Wifi alipomwona mlangoni alijifunika leso usoni.

"Umekuja kuandika mwisho?"

"Nimekuja kukupima presha, dada. Nipe mkono."

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Alisita, kisha akautoa mkono wake. Presha ilikuwa imepanda kupita kiasi, na daktari akatukimbiza hospitalini mjini Bungoma, ambako mtoto alitolewa kwa upasuaji jioni ile ile. Mama alinusurika, na mtoto pia. Alikuwa msichana, na nje mvua ilikuwa ikinyesha.

"Nafula mwingine," daktari alisema. "Huyu mimi sijamwandika."

Kwenye benchi la ukumbini nilithubutu kumwuliza lile lililonishangaza tangu mwanzo: mtu mmoja anaziwezaje kazi mbili kubwa hivyo?

"Ni kazi moja, mama. Zote mbili ni kuuliza, halafu kunyamaza usikie." Akaniangalia kwa upole, lakini neno lake halikuwa la upole. "Wewe umekwenda hadi Kitale kumwuliza mtu juu ya mwanamke wa karatasi. Huyu anayeota moto na wewe jikoni, ulimwuliza nini?"

Ushahidi nilikuwa nao tangu Jumapili, nikaubeba kama hoja ya kushinda shauri.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi udadisi. Ndio ulionitia darasani ukubwani, na ndio uliomleta daktari mlangoni petu. Soma vitabu, uulize vilitoka wapi. Lakini ukimwona mtu katika kitabu anafanana na mtu wa kwenu, funga ukurasa kwanza, umwendee wa kwenu, umwulize anaumwa wapi, kisha unyamaze. Wa kitabuni atakungoja. Wa nyumbani huenda asikungoje.

Mungu akupe swali jema na sikio lenye subira, na kila unayemwuliza hali yake umkute angali hai wa kukujibu.