Mtori Nilioumwaga Dirishani

Nina hasira mpaka sasa, na sijui nimkasirikie nani zaidi. Kwanza ni yule mteja aliyeniuliza dukani, mbele za watu, kama nina mimba nyingine, wakati Neema wangu hana hata miezi mitano! Halafu mama mkwe, aliyeshuka kutoka Marangu kuja kunilisha mtori wa ndizi na nyama asubuhi, mchana na jioni. "Mzazi lazima ale," ndiyo kauli yake.

Nikaamua kukonda kwa nguvu. Akiniletea bakuli chumbani, nasubiri atoke, namwaga mtori dirishani, nakunywa chai ya rangi. Suruali zikaanza kufungika, nikajiona mjanja kweli.

Juzi kliniki, Neema akakutwa hajaongezeka uzito. Nesi akauliza kama nakula, maana anayenyonyesha hupungua taratibu, huku anakula vizuri.

"Huyu? Anamaliza bakuli zima!" mama mkwe akajibu kwa fahari.

Tulipofika nyumbani nikamwakia. "Mama, utakuwa unampa mtoto maji kwa siri, ndiyo maana hanyonyi vizuri!"

Alikwenda jikoni, akarudi chumbani na mtori, akaliweka bakuli mezani kwa kishindo. Hapo hapo mbwa wa jirani, aliyenenepa mpaka shingo haionekani, akarukia dirishani, akatundika miguu na kunikodolea macho, mkia ukicheza.

Mama mkwe alimtazama mbwa, kisha bakuli.

"Kumbe mzazi ni wewe," akamwambia.