Jina Ambalo Halikuitwa

Kwa miaka minane nilikuwa shemasi katika kanisa letu la mabati kule Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, na katika miaka hiyo nilipeleka mabinti wanne wa watu wengine kwenye benchi la nyuma. Sisi Waprotestanti tuliotoka Kivu ya Kusini tunalijua benchi hilo. Msichana akionekana ana mimba na hana mume, shemasi wa wanawake huenda kuwaambia wazee wa kanisa, nao humtenga. Hagusi meza ya Bwana wala haimbi kwaya. Hukaa nyuma karibu na mlango mpaka siku atakaposimama mbele ya watu atubu. Kazi hiyo niliifanya vizuri. Mama mmoja aliwahi kusema kwamba naweza kuiona mimba kabla ya mwenyewe kujua, nami nikalichukua neno lake kama sifa.

Nilikuwa mjane. Mume wangu alifia njiani mwaka 1996 tulipoikimbia vita, na hayo sitayasimulia hapa. Nilibaki na watoto watatu. Kifungua mimba wangu, binti, alikuwa na miaka sita, na alibeba kichwani sufuria yenye chumvi yetu yote. Tulilala porini, tukavuka maji, tukazunguka nchi za watu, na chumvi ile haikumwagika. Wadogo zake aliwalea pamoja nami. Nayasema haya ili ajulikane nilimfanyia nani nilichofanya.

Alipofika miaka kumi na saba alikuwa mwimbishaji wa kwaya. Siku moja nilimwona akijitwika bido la maji, mgongo umerudi nyuma kidogo, nikajua. Mimi mwenye macho nilikuwa nimechelewa miezi mitano. Kijana mwenye mimba ile alikuwa ameshakwenda Kampala, na huyo hakuna aliyemwekea benchi. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Hata hivyo sikutaka mtu aone kwamba unanichoma. Kabla jirani hajafungua mdomo nilikwenda mwenyewe kwa wazee wa kanisa nikamtaja mwanangu. Walinisifu sana. Mchungaji alisema mama kama mimi ni wachache.

Laiti ningeishia hapo.

Juma lilelile palikuwa na uhakiki wa familia. Kule Nakivale kila familia ina karatasi yake yenye majina, asiyeandikwa hapo hatambuliki kama mkimbizi, na mkubwa wa familia ndiye anayesema mbele ya karani nani yupo na nani hayupo. Kwetu mkubwa ni mimi. Watu hungoja chini ya banda, mkubwa anaitwa mezani kwanza, halafu wengine wanaitwa mmoja mmoja kwa jina. Binti yangu alikuwa ameketi na wadogo zake hatua kama ishirini kutoka mezani. Alikuwa amesuka nywele na kujifunga kitenge changu ili kuficha tumbo.

Karani, kijana wa Kinyankole, aliweka kidole kwenye karatasi. "Nyabo, hapa iko watu wane. Huyu binti iko wapi?"

"Aliolewa," nikasema. "Alienda kwa bwana wake, kule Oruchinga."

"Tumutoe?"

"Mumutoe."

Alichukua rula akapiga mstari. Nakumbuka rula ile kwa sababu mstari ulikuwa umenyooka sana, na mimi nikaona kazi imefanyika kwa adabu.

Wakamwita mwanangu wa kiume, akaja. Wakamwita mdogo wao, akaja. Binti yangu mkubwa alikuwa ameshainuka nusu, ameshika pindo la kitenge, maana alijua zamu inayofuata ni yake. Wakaita familia nyingine. Akaketi tena. Alidhani wamechanganya karatasi, akangoja. Alikaa pale mpaka walipokunja meza.

Nyumbani alinikuta nachagua maharage. "Mama, banisahau?"

"Hapana. Mimi ndiye nilibaambia uko na bwana, bakutoe. Enda kwa mwenye mimba."

Hakulia. Hilo nililihesabu kuwa ni ujeuri. Asubuhi alichukua nguo zake mbili akaondoka kwa miguu kuelekea Rwekubo, kwenye kituo cha magari, na mimi sikutoka nje kumtazama.

Nimejiuliza mara nyingi nilitaka nini. Hasira ilikuwepo, lakini hasira ni moto wa mabua, haifiki hata kesho yake. Kilichobaki kilikuwa kiburi. Nilitaka waumini waone kwamba ninavyokata kwa wengine ndivyo ninavyokata kwangu. Miaka minne nikaendelea kuandaa kikombe na mkate wa meza ya Bwana. Nilimwombea binti yangu kila siku. "Bwana, umrudishe mwanangu," nilikuwa nasema, kama kwamba Bwana ndiye aliyeshika rula.

Siku moja jirani yangu, mama wa makamo ambaye mashamba yetu yalipakana, alikuja kwangu macho yamevimba. Binti yake alikuwa na mimba. Nilijiandaa kumpa maneno yangu ya kawaida, lakini hakuja kuomba shauri. Alikuwa ameshaamua.

"Mama shemasi, uhakiki iko karibu," alisema. "Na mimi nitamutoa kwenye karatasi. Wewe ndiye ulituonyesha njia."

Nilimwomba asubiri. Dhambi yangu ilikuwa imeota, imezaa, na sasa watu wanakuja kuomba mbegu.

Nilifunga siku tatu. Nilipanda kilima cha nyuma ya kijiji nikalia mpaka sauti ikakauka, nikamwambia Mungu kila kitu, na nilitegemea kushuka nikiwa mwepesi kama wanavyoshuhudia wengine. Sikushuka mwepesi. Kila nilipofumba macho nilimwona mtoto ameshika pindo la kitenge, ameinuka nusu. Nikalikumbuka lile fundisho la kuiacha sadaka pale madhabahuni na kwenda kwanza kupatana na ndugu yako. Nilikuwa nimelifundisha mara ngapi kwa wanawake, nami nimekaa juu yake kama kuku juu ya yai bovu.

Nilikwenda kwa wazee wa kanisa nikawaambia kwamba nilisema uongo mezani na kumkana mtoto wangu, na kwamba wanitenge. Walitazamana. Mmoja alisema yale yalikuwa mambo ya nyumba. Mchungaji alisema benchi si la watu wa umri wangu. Jumapili iliyofuata nilikwenda nikakaa huko bila ruhusa ya mtu, wanawake wa mbele wakavunjika shingo kwa kugeuka. Niliacha ushemasi. Jambo moja lilinishangaza: kutoka benchi lile mahubiri hayasikiki. Watoto wanacheza nje, mbuzi wanapita, mvua ikigonga mabati ndiyo basi kabisa. Nilikuwa nimewapeleka mabinti wanne mahali ambapo neno la Mungu halifiki, na nilikuwa sijawahi kukaa hapo hata dakika moja.

Mchuuzi mmoja wa vitenge alikuwa amemwona binti yangu mjini Mbarara. Nikaenda. Nilimkuta nyuma ya hoteli ndogo karibu na soko, ameketi kwenye kigoda, anamenya matoke. Kando yake mtoto wa kike wa miaka minne alikuwa anapanga maganda kwa mistari. Mtoto alikuwa na paji la uso la marehemu mume wangu.

"Karibu, mama shemasi," binti yangu akasema. Hakuacha kumenya.

"Mimi si shemasi tena."

Kisu kilisimama kidogo, kikaendelea. Tangu hapo hakuniita kwa jina lolote. Alinipa kigoda, akanipa chai, akanitumikia kama mgeni, na heshima ile ilinichapa kuliko matusi. Nilimwambia nimetubu mbele ya Mungu, nimekuja kuomba msamaha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa ndizi.

"Kama Mungu alikusamehe, ni muzuri," alisema. "Lakini siyo mbele ya Mungu ulisema niko na bwana. Ulisema pale kwa meza. Mimi sina karatasi. Uyu mutoto hayuko fasi yoyote, hakuandikwa popote. Polisi bakiniuliza mimi ni nani, nasema nini? Enda useme pale pale."

"Nitasema."

"Basi useme kwanza."

Nilirudi Nakivale. Kusema kwa Mungu ni rahisi, Mungu hana dirisha la kufunga saa saba. Kwa karani nilirudi mara sita. Mara faili halikuonekana, mara mkubwa wake alikuwa amekwenda Kampala. Majirani walinionya kwamba mtu akikiri kudanganya anaweza kuharibu karatasi ya familia nzima, na wanangu wawili waliobaki walinuna. Niliogopa kweli. Mara ya saba alikuwa karani mwingine, mtu mzima mwenye miwani. Nilimweleza yote nimesimama.

"Nyabo, kwa nini ulidanganya?"

"Ni kwa sababu ya kiburi."

Alitazama fomu, juu na chini. "Kiburi hapa hakuna nafasi yake," alisema, na sikujua kama ananitania. Akaandika mistari michache pembeni. "Leta yeye mwenyewe, na mutoto. Tutaangalia."

Kabla sijatuma habari Mbarara nilipita kwa jirani yangu nikamwambia nilikotoka na nilichosema. Binti yake alikuwa mlangoni anasikia. Jina lake lilibaki kwenye karatasi yao.

Siku ya kuitwa, binti yangu alifika na mtoto wake asubuhi kutoka kituoni Rwekubo. Alinisalimu kwa mkono, akakaa mbali kidogo na mimi chini ya banda lilelile. Jua lilipanda. Nilikuwa nimebeba sombe na ugali wa muhogo, na hakuna aliyekula. Mchana nikaitwa mezani, na yule karani mwenye miwani akanisomea tena maneno yangu yote mbele ya mwenzake: kwamba mtoto huyu hakuolewa, hakwenda Oruchinga, na aliyesema hivyo ni mimi. Nilisema ndiyo kwa kila moja. Watu wa mstari wa kwanza walisikia, na wengine walikuwa wa kanisa letu.

Kisha karani akainua kichwa akaita jina la binti yangu.

Hakuinuka. Nilidhani hakusikia. Karani akaita mara ya pili, na mimi sikuthubutu kugeuka, maana nilimwona moyoni ameshashika njia ya kurudi Mbarara, na ingekuwa haki yake. Nikasikia ndara zikija polepole juu ya changarawe. Alisimama upande wa pili wa meza, mtoto mgongoni, vidole vyeusi vimeshika fundo la kitenge.

Karani alimtazama yeye, akanitazama mimi. Ni swali wanalomuuliza kila mtu, na alikuwa ameshaliuliza mara nyingi tangu asubuhi.

"Huyu mama ni nani kwako?"

Nilitazama meza. Kulikuwa na rula juu yake. Moyoni nilimwambia Mungu: binti yangu akisema hanijui, nitakubali, na sitamlaumu yeye wala Wewe.

"Ni mama yangu," akasema.

Karani akaandika, kisha akauliza jina la mtoto.