Waya Sikioni mwa Baba

Juzi nilimwita mjukuu wangu Emanueli aje kula. Alikuwa sebuleni anaangalia sinema kwenye simu, hedifoni masikioni, maana hapendi kutusumbua. Hakunisikia, nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa na redio yenye waya wa kuweka sikioni. Alasiri moja kule kijijini kwetu Sigino alikaa nje na waya wake, ananuka tumbaku, na mama anapukuchua mahindi pembeni.

“Baba Yosefu, huyu Magdalena arudi shule. Mwalimu Bura amemuulizia tena.”

Baba akausukuma waya ndani zaidi sikioni.

“Baba Yosefu, si naongea na wewe?”

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayefuata taarifa ya habari.

Nikamnong'oneza mama, “Hasikii, ngoja redio iishe.” Mama alinitazama tu, punje zikaendelea kudondoka kwenye ungo.

Shule sikurudi.

Nilishakuwa na watoto wangu ndipo nikakumbuka: betri za redio ile zilikuwa juu ya jiwe nyuma ya nyumba. Nilizianika mwenyewe asubuhi ya siku ile, zipate nguvu ya jua. Redio ilikuwa tupu.

Emanueli ni mtoto mzuri. Lakini asiponiitika, naangalia kwanza kama kioo cha simu kinawaka.