Helmeti Mbili Zenye Madoa

Ennis Mabry alikuwa na funguo kumi na saba kiunoni na maneno machache mdomoni. Kwa miaka ishirini na nane alitunza stoo ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Harmon Ridge, Alabama, na sauti yake waliijua zaidi wale waliotupa soksi kwenye kapu la kufulia bila kuzigeuza. Hao aliwaita kwa majina yao matatu, kama mama zao wanavyowaita wakikasirika.

Zamani alicheza mwenyewe, nafasi ya beki, yaani mwenye kazi ya kumwangusha aliyebeba mpira, chuoni hapohapo. Siku moja ya Oktoba aliinamisha kichwa akamvaa mtu kwa utosi, na tangu siku hiyo vidole vitatu vya mkono wake wa kushoto havikuhisi tena moto wala baridi. Mpaka leo Verdell, mkewe, ndiye humwambia, "Badilisha mkono, kikombe kinakuunguza."

Helmeti za Harmon Ridge ni nyeupe pepe, na kila timu waliyogongana nayo iliacha rangi yake juu yazo: nyekundu, kijani, njano. Desturi ilikuwa kwamba helmeti ya beki wa mwaka wa mwisho haisafishwi mpaka siku anaporudisha ufunguo wa kabati lake. Madoa yale ndiyo nishani zake. Mabry aliyasoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Doa likiwa pajini, juu ya nondo za usoni, ujue mchezaji alimtazama mtu wake mpaka mwisho. Likiwa utosini, ujue alifumba macho akainama.

Jumatatu moja ya Machi, Kocha Haskew aliingia stoo.

"Ennis, Alhamisi wanakuja wasaka vipaji wa timu tano za kulipwa. Helmeti zote ziwe kama mayai."

"Za mwaka wa mwisho huwa hatuzigusi, kocha."

"Nimesema zote. Mmoja wao, yule mzee Strock, ana mazoea ya kuchungulia vitu. Sitaki mtu achungulie ya Oates."

"Na ya Crumpton?"

"Crumpton nani atamtazama? Ana mikono mifupi kama ya mamba." Kocha alicheka peke yake. Alipofika mlangoni akageuka. "Mkataba wako unaisha Juni. Sikutishi. Nakukumbusha tu."

Kendrick Oates alikuwa fahari ya chuo. Mrefu, kifua mlango, akikimbia utadhani ameumwa na nyuki. Harmon Ridge haikuwahi kutoa mtu wa kuchaguliwa mapema na timu za kulipwa, na Haskew alishajiona kwenye picha ameshika bega la Oates. Lavelle Crumpton alicheza ubavuni mwa Oates, na msimu uliopita aliangusha watu mia na kumi na wanane, wengi kuliko mchezaji yeyote wa chuo. Jina lake halikuwamo kwenye karatasi ya kocha ya wachezaji wa kusifiwa kwa wasaka vipaji.

Mabry alichukua thina na kitambaa, akasafisha helmeti thelathini na tisa. Mbili akaziacha. Kisha akamwita Oates, maana hakutaka kumsema mtu ambaye hajamwambia usoni.

"Alhamisi Strock akiuliza helmeti yako, nitampa. Madoa yako yote yako utosini."

Oates alimkodolea macho. "Mzee Mabry, nimekukosea nini? Mama yangu anauza karanga za kuchemsha kando ya barabara miaka yote hii. Kitumbua ndiyo kwanza kinaiva, wewe unakuja na mchanga!"

Mabry alichukua pini ya kufungia namba za nguo, akaichomeka kwenye kidole chake cha kushoto mpaka damu ikatoka. Hakupepesa jicho.

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja," alisema. "Helmeti yangu hakuna aliyeitazama."

Oates aliondoka akaubamiza mlango, funguo za ukutani zikalia.

Alhamisi uwanja ulijaa watu wenye kofia za timu na saa za kuhesabia sekunde. Wachezaji walipimwa kama ng'ombe wa maonyesho: uzito, urefu, upana wa kiganja. Strock, mzee mwembamba mwenye miwani kwenye kamba, ndiye aliyeshika futi kamba. Aliinyoosha kutoka begani mwa Crumpton hadi ncha ya kidole.

"Ishirini na tisa na robo," alisema.

"Pima tena, bwana, labda sikunyoosha."

"Umenyoosha mpaka mwisho, kijana. Kwetu beki chini ya inchi thelathini na moja haandikwi."

"Nikining'inia mtini mpaka Jumapili je?"

Watu wakacheka. Crumpton naye alicheka, ila alipokwenda kuchukua fulana yake Mabry alimwona akijitazama mikono, mmoja baada ya mwingine, kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Strock alilikata jina la Crumpton kwa mstari daftarini mwake. Mabry aliuona mstari ule tokea mbali.

Saa sita Strock alikuja stoo, kama alivyofanya kila mwaka kuomba maji. Mabry alimpa chupa. Kisha, bila kuombwa, akaweka helmeti mbili juu ya kaunta.

Strock aliivaa miwani yake. "Miaka kumi na mmoja huwa unaniamkia tu, Bwana Mabry. Leo kulikoni?"

"Umempima mkono. Hukumpima macho."

Ya kwanza ilikuwa ya Crumpton. Pajini ilikuwa kama ukuta uliotupiwa matunda na watoto: nyekundu juu ya kijani, njano juu ya nyekundu, hakuna nafasi iliyobaki. Utosi wake ulikuwa mweupe kama siku ulipotoka kiwandani.

"Mia na kumi na wanane," Mabry alisema, "na hakufumba jicho hata mara moja. Mwenye mkono mfupi lazima afike karibu. Huyu anafika. Wenye mikono mirefu wanadaka fulana, mtu anaponyoka. Yeye hukumbatia."

Mlango ukafunguliwa. Haskew aliziona helmeti, uso ukamwiva.

"Ennis! Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nizisafishe, kocha. Nimekataa."

Strock aliigeuza ile ya pili, akapitisha kidole gumba utosini. "Na huyu Oates?"

"Kasi kama yake sijaiona hapa tangu nianze kazi. Ila hajafundishwa kuinua kichwa. Atakayemchukua amfundishe kwanza ndipo amchezeshe, la sivyo atamrudisha kwa mama yake kwenye kiti cha magurudumu. Na aliyetakiwa kumfundisha miaka minne hii ni huyu aliyesimama mlangoni."

"Wewe ni mfua soksi!" kocha alifoka.

"Ndiyo. Na nazijua za kila mtu."

"Juni si mbali, Ennis."

Mabry alifungua mkanda, akatoa funguo zote kumi na saba, akaziweka kaunta kati ya helmeti. "Usingoje Juni, zichukue. Wa banda la mashine za nyasi unakwama, uuvute kwanza ndipo uzungushe. Wa kabati la dawa hauna alama. Utajaribu mmoja mmoja mpaka ukubali."

Haskew alizitazama funguo zile. Hakuzigusa. Akatoka.

Strock alifungua daftari akaandika kitu chini ya ule mstari wake.

Hakuna aliyezichukua funguo, na Mabry aliendelea na kazi. Wiki iliyofuata Oates alirudi stoo, akasimama mlangoni kama mtoto aliyechelewa shule. "Haya, mzee. Nionyeshe." Wakatoa gunia la mazoezi nyuma ya stoo, na kila jioni Mabry alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akipaza sauti ambayo watu hawakujua anayo: "Macho! Macho, Kendrick Tyrell Oates! Utosi ni wa kofia ya kanisani!"

Mwisho wa Aprili timu za kulipwa zilichagua wachezaji wapya kwa siku tatu, awamu baada ya awamu. Oates alichukuliwa siku ya pili. Siku ya tatu Mabry na Verdell walikaa nyumbani kwa kina Crumpton mbele ya televisheni, sahani za kambare wa kukaanga zikipoa mapajani. Awamu ya nne ikapita. Ya tano ikapita. Crumpton alikuwa amekalia mikono yake. Katika awamu ya sita simu yake ikalia, na mzee mwenye sauti kavu akamwambia, "Kijana, shuka mtini."

Jumatatu Haskew alikuja stoo akitabasamu kidogo. Hakugusia Juni.

"Ennis, tunaweka helmeti ya Crumpton kwenye kabati la vioo pale langoni. Wapiga picha wanakuja saa nane. Ifute ing'ae."

"Hapana," alisema Mabry.

"Ni ya maonyesho tu, bwana!"

"Basi waonyeshwe."

Akaibeba mwenyewe kwa mkono wa kulia mpaka langoni, akafungua kioo kwa ufunguo wa tisa, akaiweka paji likitazama mlango, nyekundu na kijani na njano. Alipokwisha kufunga, alirudisha funguo zake kiunoni na kurudi kwenye soksi.